Sifa ya Onyo Linalojua Mipaka Yake

Wapo mafundi ambao kazi yao bora kabisa ni kukiunda chombo pamoja na udhaifu wake wote. Nawazungumzia watu wanaotengeneza simyuleta za ndege za kivita, programu za kompyuta zinazomweka mtu kwenye kiti cha rubani bila kuondoka mezani pake. Katika kazi zao nyingi, ninayoistahi zaidi ni kioo kidogo cha duara kilicho mbele ya rubani huyo: kipokezi cha onyo la rada. Ninaisifu kwa sababu imebeba somo ambalo sisi wa Kitui na Makueni tunalihitaji kuliko rubani yeyote, nalo ni namna ya kuonya bila kudanganya.

Kipokezi hicho ni mtoto wa msiba. Tarehe 24 Julai 1965, kombora la Kisovieti lililorushwa kutoka ardhini liliiangusha ndege ya Marekani aina ya F-4 huko Vietnam Kaskazini. Kabla mwaka haujaisha, ndege za kwanza zilizofungwa vipokezi vya onyo dhidi ya makombora hayo zilikuwa tayari vitani. Utendaji wake unaeleweka. Antena nne, kila moja ikielekea upande wake, husikiliza mawimbi ya rada. Mawimbi yakifika na nguvu zaidi kwenye antena moja kuliko nyingine, chombo hukadiria yanakotoka, kikaweka alama kwenye kioo na kupiga mlio masikioni mwa rubani. Rada inayozunguka ikitafuta husikika kwa vipindi, kila mwale wake unapopita. Ikishamshika, mlio haukatiki tena.

Kuna mengi ambayo chombo hiki hakiyajui. Alama ikisogea karibu na katikati ya kioo, mwanafunzi hudhani adui amekaribia. Sivyo. Alama hufuata nguvu ya mawimbi, na rada kubwa iliyo mbali inaweza kusikika kwa nguvu kuliko ndogo iliyo jirani. Mwelekeo nao hukosea kwa nyuzi kadhaa. Katika MiG-21, rubani alipewa taa nne tu: aliambiwa hatari iko robo ipi ya anga, mengine ayakisie mwenyewe.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Ndani ya simyuleta, kompyuta inajua kila ndege iko wapi, inakwenda kasi gani na imebeba nini. Njia rahisi ni kumchorea mchezaji ukweli wote, na simyuleta nyingi za zamani zilifanya hivyo. Fundi wa kweli huchagua njia ngumu: anaifundisha kompyuta kunyamaza. Anahesabu mawimbi, antena na pembe, kisha anampa rubani kile tu ambacho chombo halisi kingesikia, pamoja na mashaka yake. Ndivyo wanavyojitahidi waundaji wa ndege za Digital Combat Simulator, ambamo imo hata F-5E, aina ya ndege ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuirusha mwaka 1978. Anayefanya mazoezi kwa chombo kama hicho hujifunza kuamua akiwa hajui kila kitu. Nao huo ndio uhalisia wenyewe.

Huku kwetu Ukambani adui ni ukame, naye haji na kombora. Hukawia, hujificha nyuma ya mawingu, na wakati mwingine hutanguliwa na manyunyu yanayomfanya mtu apande mbegu yake ya mwisho. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Mutomo au Kathonzweni ameona mawingu mangapi yakipita juu ya shamba lake yakaenda zake? Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilileta mvua haba katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya. Na wazee wanaukumbuka ukame wa 1984, waliouita Nikw'a Ngwete, ambapo mtu aliweza kuwa na pesa mkononi akakosa chakula cha kununua.

Kipokezi chetu ni taarifa ya ukame inayotolewa kila mwezi kwa kila kaunti kame na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA. Nayo ina antena zake. Ya kwanza iko angani: setilaiti hupima ukijani wa mimea na kuulinganisha na miaka iliyopita, na kipimo kikishuka chini ya 35, ukame umeanza kuonekana kwenye majani. Nyingine ziko sokoni na mtoni: bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, umbali wa kwenda kuteka maji, maziwa yanayobaki nyumbani.

Antena ninayoiheshimu kuliko zote ni utepe. Mkusanyaji data hufika kwenye boma, humwomba mama amshike mtoto, huuzungusha utepe katikati ya mkono wa kushoto wa mtoto, kati ya bega na kiwiko, kisha husoma. Kijani, mtoto yu salama. Manjano, chini ya sentimita 12.5, ameanza kudhoofika. Nyekundu, chini ya 11.5, anahitaji matibabu bila kuchelewa. Utepe haukazwi ukabana nyama, wala haulegezwi ukaning'inia, kwa kuwa milimita chache huhamisha mtoto kutoka rangi moja hadi nyingine. Mkono wa anayepima vizuri hivyo ni mkono wa fundi.

Hakuna antena hata moja kati ya hizo inayojua kila kitu. Setilaiti huona kijani isijue kama ni malisho au ni kichaka ambacho mbuzi hawakigusi. Wastani wa kaunti unaweza kumficha mtu wa Mutha nyuma ya vilima vinavyouzunguka mji wa Kitui, au mtu wa Kibwezi nyuma ya milima ya Mbooni. Ndiyo maana taarifa nzuri hutenganisha maeneo, huweka kipimo kimoja kando ya kingine, na kutaja hatua tuliyofikia: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupata nafuu. Haimwambii mkulima mvua itanyesha siku gani. Inamwambia hatari iko upande gani na imepata nguvu kiasi gani.

Wako wanaoidharau kwa sababu hiyo hiyo. Wanataka jibu moja la mkato, itanyesha au haitanyesha, na wakiambiwa uwezekano wanasema wataalamu hawajui kitu. Mimi naona kinyume. Anayeahidi mvua kwa uhakika miezi mitatu kabla ndiye wa kuogopwa, maana ameficha mashaka yake na kumwachia mkulima hasara. Chombo kinachokiri mipaka yake ndicho kinachoweza kuaminiwa kinapopiga mlio.

Ila mlio pekee haujawahi kumwokoa rubani. Humwokoa mkono wake unaogeuza ndege mapema. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo kubwa la shamba la Ukambani, basi zinapokaribia, itafute taarifa ya kaunti yako, uliza kuihusu kwenye baraza la chifu, msomee jirani asiyejua kusoma. Ikisema tahadhari, uza mbuzi wawili wangali na bei, panda mtama na ndengu badala ya kuyategemea mahindi peke yake, hifadhi mabua ya malisho. Na viongozi wa kaunti zetu mbili wasingoje hatua ya dharura ndipo wafungue ghala na mifuko ya fedha. Walioonya wamekwisha kufanya kazi yao kwa uaminifu. Iliyobaki ni yetu.