Kucha Isiyopakwa Rangi

Ukipita Mtaa wa Kongo asubuhi, kabla Kariakoo haijafurika, utawakuta vijana wa kucha na vikapu vyao: chupa za rangi zimepangwa safu, beseni la maji, msasa, jiwe la kusugulia nyayo. Mteja anavua kandambili, anakaa kwenye kistuli mbele ya duka la vitenge, na kazi ya kwanza si kupaka bali kufuta. Pamba yenye asetoni inapita mara mbili tatu, rangi ya wiki iliyopita inatoka, na kwa dakika chache kucha inabaki kama ilivyoumbwa. Kijana haitazami sana. Anawaza nyekundu au zambarau. Lakini ukivuka Barabara ya Morogoro kuingia Upanga, ukafika Hospitali ya Muhimbili, utakuta watu ambao kwao dakika hizo chache ndizo kazi yenyewe.

Daktari wa ngozi hukiomba kitu hicho hicho kabla ya lolote: rangi itoke. Si ya kidole kinachouma peke yake, ni ya vidole vyote ishirini. Piko humtia taabu zaidi, maana hukolea ndani ya kucha na asetoni haiiwezi. Hapo hana budi kusubiri kucha ikue. Ila hata piko ina namna ya kujitambulisha. Doa lake huishia kwa ukingo uliopinda sawasawa na mstari wa ngozi ya nyuma, na kucha mpya inayochomoza nyuma yake ni safi. Weusi unaotoka ndani ya mwili hauna adabu hiyo.

Kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ya mguu huenda nusu ya mwendo huo au chini yake, ndiyo maana kucha ya dole gumba la mguu ikitoka huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kurudi. Kwa fundi wa kusoma kucha, namba hizo ni kalenda. Mpagazi akiangukiwa na robota la mitumba, damu ikaganda chini ya kucha, doa hilo litasafiri kwenda mbele pamoja na kucha. Daktari asiye na hakika huchukua ncha ya kisu, akachora mkwaruzo mdogo pale weusi unapoanzia, kisha akamwambia mgonjwa arudi baada ya wiki tatu au nne. Kama alama na doa vimesogea pamoja, ni damu. Kama alama imesogea na weusi umebaki umeng'ang'ania nyuma, kuna kitu kinachoutengeneza kila siku. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala bima, kinahitaji mtu asiyekuwa na pupa.

Chini ya ngozi ya nyuma limejificha shina la kucha, na ndani yake zimo seli za rangi, zile zile zinazotupa weusi wetu. Zikiamka mahali pamoja, rangi huingia kwenye kucha inayotengenezwa, na kwa kuwa kucha haiachi kusonga, hutokea mstari: ni kama kalamu iliyoshikwa palepale huku karatasi ikivutwa chini yake. Mstari wenye upana mmoja tangu shinani hadi nchani unasema hakuna kilichobadilika kwa nusu mwaka. Ukiwa mpana shinani na mwembamba nchani, umbo la pembetatu, basi chanzo chake kimetanuka ndani ya miezi hiyo, na daktari hukaa vizuri kwenye kiti.

Hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Ulaya, mstari mweusi mmoja kwenye kucha ya mtu mzima mweupe hutosha kumshtua daktari. Anayefanya kazi Dar es Salaam kwa mtindo huo angekata vidole vya nusu ya soko. Vitabu vya tiba ya ngozi hukadiria kwamba zaidi ya robo tatu ya watu weusi waliovuka miaka 20 wana mstari angalau mmoja, na wakifika 50 ni karibu wote. Kuna mistari ya asili, ya ujauzito, ya kiatu kinachobana kidole cha mwisho. Kuna ya dawa pia: zidovudini, ambayo wengi waliotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wanaijua, haidroksiurea wanayopewa wagonjwa wa selimundu, na baadhi ya dawa za saratani zinazotolewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa hiyo swali la "unatumia dawa gani, mama?" si la kujaza fomu. Jibu lake laweza kuokoa kucha kumi zisiguswe.

Na kuzigusa kuna gharama. Kukata kinyama kwenye shina la kucha kunaweza kuacha kovu, na kovu la shina ni kucha iliyopasuka maisha yote. Mimi namheshimu zaidi daktari anayejua mstari upi wa kuuacha kuliko yule hodari wa kisu tu. Hesabu yake kichwani huenda haraka: ni kidole kimoja au vingi? Vingi humtuliza. Ni dole gumba, la mkono au la mguu? Hapo huongeza umakini. Upana umezidi milimita 3? Ulianza utotoni au mwaka jana? Kucha imeanza kupasuka? Halafu anashika dematoskopu, lenzi ndogo yenye taa inayokuza mara 10, anadondosha jeli ili mwanga usirudi machoni, na kuhesabu vistari vilivyomo ndani ya mstari. Vikiwa sambamba, vyenye rangi na nafasi zinazolingana, ni dalili njema. Vikivurugika, vingine vinene, vingine vikikatika njiani, anaita mwenzake aje aone.

Mwaka 1886 daktari mpasuaji Mwingereza, Jonathan Hutchinson, aliandika kuhusu weusi unaotoka kwenye kucha na kumwagikia ngozi inayoizunguka, akiuhusisha na saratani. Dalili hiyo ina jina lake hadi leo. Lakini ngozi ya nyuma ya kucha ya Mmakonde au Mluguru huenda ni nyeusi tangu kuzaliwa, na ngozi hiyo kwa wengine ni nyembamba kiasi kwamba mstari uliopo chini yake huonekana kana kwamba umepanda juu. Dalili ya Hutchinson ilipata umbo kwenye vidole vyeupe. Kuisoma kwenye vidole vyetu ni kazi nyingine, inayojifunzwa kwa kutazama mikono mingi.

Saratani yenyewe ni melanoma, na kwa watu weusi haifuati jua. Hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwaka 1967 mtafiti M. G. Lewis alichapisha kazi yake kuhusu melanoma nchini Uganda, akifuatilia uhusiano kati ya madoa meusi ya nyayo na ugonjwa huo, kwa kuwa nyayoni ndiko alikoukuta. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, saratani hiyo ikagundulika chini ya kucha ya dole gumba la mguu wa Bob Marley, kidole kilichodhaniwa kimeumia kwenye mpira. Aprili 1980 alikuwa jukwaani kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami, akiwa na miaka 36. Vijana wengi wa Kariakoo wana picha yake kwenye fulana. Habari ya kidole chake haijulikani kiasi hicho.

Si uvimbe wote wa kucha unaoua. Kuna mmoja ambao kazi yake ni kutesa tu. Mfikirie mama anayeuza maji na soda Mtaa wa Msimbazi, mkono wake ukiingia na kutoka kwenye deli la barafu kutwa nzima. Kidole kimoja kinamchoma kiasi cha kulia, na kwa nje hakina kitu. Wanasema ni mdudu wa kidole, lakini hakuna usaha. Anabandika kitunguu swaumu, anapigwa picha ya mionzi, mfupa mzima. Mwishowe wanaomzunguka wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Miaka inaweza kupita hivyo.

Anayejua humuuliza swali moja: "Barafu inakuzidishia?" Kisha anachukua kitu chenye ncha butu, kichwa cha pini au ncha ya kalamu iliyofungwa, na kubonyeza kucha pointi kwa pointi. Hapa, hakuna. Hapa, hakuna. Milimita mbili pembeni, mama anaruka kitini. Kipimo hicho kina jina la Love, daktari wa Marekani aliyekieleza mwaka 1944. Kingine, cha Hildreth cha mwaka 1970, ni cha kujaza upepo mkanda wa kupimia presha mkononi hadi damu isipite: maumivu yakipotea, jibu limepatikana. Ni uvimbe wa glomasi, unaotokana na vifundo vidogo vya mishipa vinavyorekebisha joto la vidole, na mara nyingi hauzidi ukubwa wa punje ya mtama.

Kuutoa ni kazi ya kutazamwa. Ganzi huchomwa pande mbili za tako la kidole, mpira unafungwa kuzuia damu. Kucha inainuliwa taratibu kwa kifaa bapa, upande mmoja tu, kama inawezekana. Shina linachanwa kwa urefu, maana ukichana kwa upana umeiharibu kucha ya kesho. Mle ndani kinatokea kitu cha kijivu chenye wekundu, kinang'aa, na kikishikwa vizuri huchomoka kizima. Kipande kikibaki, maumivu hurudi, kwa hiyo mpasuaji hutazama tena. Anashona kwa uzi mwembamba, anairudisha kucha mahali pake iwe bandeji, na anahakikisha ule mpira umefunguliwa.

Kinyama kinakwenda maabara ndani ya fomalini. Mfaransa Pierre Masson, aliyeeleza muundo wa uvimbe wa glomasi mwaka 1924, jina lake limo pia kwenye rangi ya fedha inayotumika hadi sasa kuonyesha melanini chini ya hadubini. Mwanapatholojia anayepokea kipande cha kucha ana tatizo ambalo mgonjwa halijui: kucha ni ngumu na nyama ya chini yake ni laini, wembe ukipita vibaya vinaachana, na kipande kikilazwa upande usiofaa, usomaji wote umeharibika.

Madaktari wa ngozi hutumia na masikio. Mgonjwa anayesalimia kwa sauti nzito iliyokwaruza, ngozi kavu, kucha zinazokatika, huenda tatizo lake ni tezi ya thairoidi. Mwaka 1929 huko Vienna daktari wa ngozi, Urbach, na wa masikio na koo, Wiethe, walieleza kwa pamoja ugonjwa adimu ambao humkausha mtoto sauti kwanza, kisha vishanga vidogo vikajipanga kwenye kope zake.

Wengi wa wanaotutibu ngozi wilayani wamepitia kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Hawana mashine nyingi, ila mstari ulioamuliwa kuachwa wanaujua kuulinda: simu inatolewa, rula inawekwa kando ya kucha, picha inapigwa dirishani.

"Hiki kidole usikipake rangi hadi urudi, dada."

"Daktari, arusi ya mdogo wangu Jumamosi."

"Paka vile tisa."

Baada ya miezi mitatu rula inawekwa tena. Kama mstari ulikuwa milimita 2 na bado ni milimita 2, vistari vyake vimetulia, anaandikiwa tarehe nyingine.