Imba, Usisome: Tenzi za Mwalimu na Hofu ya Agostino

Ukipanda basi Bunda kwenda Musoma, usishangae kupigiwa kwaya njia nzima. Kinanda, ngoma za kompyuta, spika imefunguliwa mpaka mwisho. Nisieleweke vibaya, kwaya naipenda. Ila siku moja niliposhuka Makutano kutafuta bodaboda ya Butiama, nilijiuliza: katika nyimbo zote zile za Mungu, nimeshika maneno gani? Nilikumbuka kiitikio kimoja tu.

Kwenye begi nilikuwa na Utenzi wa Enjili Kadiri ya Utongozi wa Mathayo, kazi ya Mwalimu Julius Nyerere. (Kabla hujacheka hilo "utongozi": kutongoa kwa washairi wa kale ni kunena.) Wengi tunamjua Mwalimu aliyemfasiri Shakespeare. Tenzi zake za Biblia, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho mwaka 1996, hazitajwi sana. Ni Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume, zimegeuzwa kuwa beti.

Kwa nini utenzi? Hii ni bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Utenzi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Ule wa Mwana Kupona ni wa 1858. Na hapa tuna Mzanaki wa bara, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mkubwa, anachukua chombo hicho na kupakia Injili. Hakuwa wa kwanza. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki mwenzake, alikwisha kutoa Utenzi wa Enjili Takatifu miaka ya 1960. Lakini swali liko palepale: Injili imekwisha kutafsiriwa kwa nathari, vina vinaongeza nini?

Jibu nimelipata kwa Mwafrika mwingine, Agostino wa Hippo. Katika Maungamo, kitabu cha 10, anakiri jambo ambalo wanakwaya wengi hatuthubutu kulisema: kuna nyakati sauti inamgusa kuliko kinachoimbwa, na hapo anajiona amekosa. Anamkumbuka Athanasio wa Aleksandria, aliyetaka zaburi ziimbwe kwa mpando mdogo sana wa sauti, karibu na kusema. Lakini Agostino hakufunga mlango. Alikumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za kanisa alipokuwa anarudi kwenye imani, akaona heri waumini waimbe.

Sasa utazame utenzi kwa jicho hilo. Mshororo una mizani nane. Mahadhi ni mamoja, yanarudi ubeti kwa ubeti, mamia kwa mamia. Hakuna sauti ya nne ya kuonyesha ufundi, hakuna kinanda. Baada ya beti kumi huyasikii tena mahadhi, yaani yamegeuka kuwa barabara, na kinachopita juu yake ni neno. Kughani ni kule "karibu na kusema" alikokupenda Athanasio. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani ya kiroho ya kazi hii: muziki wake unamshika msikilizaji pale pale neno lilipo, mpaka limwingie.

Nimelijua hili kwa mama yangu, wala si kwa nadharia. Macho yake hayasomi tena. Jioni ile nilianza kumsomea Mathayo kutoka kwenye Biblia ya kawaida, akasinzia. Nikachukua utenzi, nikausoma kama gazeti. Akafungua macho, akasema, "Baba, hiyo imba, usisome." Nikaghani kwa mahadhi tuliyofundishwa shuleni, kwa sauti yangu hii mbovu. Kesho yake asubuhi, akichambua mchele, akawa anauliza yule mwenye deni kubwa aliishia wapi.

Kasoro zipo. Mifano inakimbia vizuri, kwa sababu hadithi na utenzi ni ndugu. Lakini vina ni bwana mkali: hotuba ndefu zinachosha, na kuna mahali nilihisi neno limewekwa kwa ajili ya kina, si kwa ajili ya maana. Na nina swali zito zaidi. Mara ina litungu, ile zeze ya nyuzi nane ambayo Wakurya wamesimulia nayo habari zao tangu zamani. Mwalimu alichagua sauti ya pwani, sauti ya lugha ya taifa. Namwelewa, hiyo ndiyo siasa yake yote. Ila sauti ya nyumbani imebaki nje ya kitabu.

Lawama kubwa lakini si yake. Tangu Januari 2005 Jimbo la Musoma limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na watu wanakwenda Butiama kusali kaburini pake. Tunaomba kupitia kwake, huku tenzi zake zimekaa kimya kabatini. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya koo za watu, tukikisoma kwa macho tu, tumesoma nusu. Padri au mchungaji yeyote wa Mara, awe wa Kikatoliki au wa Mennonite, angeweza kujaribu Jumapili moja: kwaya ikae, mtu mmoja aghani mfano wa mpanzi, bila spika.

Mimi na mama tumefika sura ya 20. Ananisahihisha mahadhi.