Miamba ya Rangi Tatu

Mtu akikuonyesha picha ya mawe yenye rangi kumi na mbili, mpongeze kwa wingi wa makopo yake, kisha endelea na safari. Mwamba uliochorwa vizuri kwa rangi ya mafuta hutosheka na tatu: ya upande unaopigwa na jua, ya upande wa kivuli, na ya kati ya kuziunganisha. Shika hilo unapopita kwenye mabanda ya wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, Morogoro Stores, pale Oysterbay wilayani Kinondoni.

Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huo na mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, juu ya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Yeye alichora zaidi wanyama. Milima na mawe vilishamiri kwa waliomfuata, hasa Kilimanjaro nyuma ya tembo. Rangi ile ya kopo inang'aa, na kila moja husimama peke yake, haikubali kubembelezwa kirahisi kama rangi ya mirija. Mchoraji hulazimika kuamua mapema jua liko wapi.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Tazama Kilimanjaro za kuuzia watalii: kila jiwe lina doa jeupe juu, kushoto na kulia, kana kwamba kuna majua matatu. Muulize mchoraji jua lake limetoka upande gani. Akisita, umeshajua thamani ya picha.

Kabla ya kununua, nenda Coco Beach, si mbali na hapo, ukautazame mwamba wenyewe wa matumbawe. Ufuko ule unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini na kuupiga mwamba usoni, nao huonekana wa kijivu kilichopauka, karibu na krimu pale ulipovunjika. Alasiri jua limehamia nyuma yake, uso wote umeingia kivulini. Lakini kivuli hicho si cheusi! Mchanga mweupe hurudisha juu mwanga wa anga, kwa hiyo chini ya mwamba pana buluu iliyochanganyika na kahawia, hata zambarau kidogo. Mchoraji anayechovya brashi moja kwa moja kwenye kopo la nyeusi hatoi kivuli, anatoboa shimo kwenye picha.

Ukirudi kwenye mabanda, simama mbali na ufinye macho. Vitone, nyasi na ndege vitapotea, yatabaki mapande ya mwanga na giza. Mwamba ukiendelea kusimama, picha ina mifupa. Paul Cézanne aliyachora machimbo ya Bibémus, kusini mwa Ufaransa, kwa mapande ya namna hiyo, rangi ya udongo wa chungwa ikigongana na kijani na buluu.

Kingo nazo zina siri. Matumbawe yamechongoka, mwanga na kivuli hukutana kwa mstari mkali. Mawe ya Mwanza, kama lile maarufu la Bismarck ziwani, ni ya mviringo. Kivuli huingia taratibu, na kwa rangi ya kopo, hilo lazima lifanyike rangi ikiwa bado mbichi. Anayeyapa mawe yote ukingo mmoja amenakili picha ya jirani. (Kunakili si dhambi pale, ni biashara. Ila usilipie bei ya kazi halisi.)

Kuhusu mandhari ya nyuma nitasema machache. Anga hupakwa kwanza, rangi mbili au tatu zikififia moja ndani ya nyingine, huachwa zikauke, ndipo umbo huchorwa. Anga likiwa limekolea kuliko mwamba, mwamba utazama.

Inamisha picha pembeni uone ngozi ya rangi. Mikunjo ni dalili kwamba ilimwagwa nene. Ikiwa imefubaa mahali na kung'aa mahali, pengine thina ilizidi. Iliyochorwa kwenye kitambaa iviringishe, usiikunje, maana mkunjo huacha ufa.

Na ukishaifikisha nyumbani, usiitundike kwenye korido yenye giza. Nyeupe ya rangi ya mafuta hugeuka njano ikikosa mwanga, na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndiyo itakayotangulia.