Denis Papin na Sufuria ya Maharage

Maharage makavu hapa kwetu Kigwena, Rumonge, hayana haraka. Huchukua saa mbili, saa tatu, na yale yaliyokaa ghalani msimu mzima hadi yakawa magumu kama changarawe huchukua zaidi. Mpishi huwasha mbabula mapema, hubandika sufuria, kisha huenda zake kwenye kazi nyingine huku akirudi mara kwa mara kuongeza maji na makaa. Kila gunia la makaa ni mti uliokatwa mahali fulani, na huku kwetu miti haijabaki mingi. Msitu wa Kigwena wenyewe, kati ya barabara iendayo Nyanza-Lac na Ziwa Tanganyika, ni kipande tu cha msitu wa tambarare uliokuwapo kabla ya michikichi na mihogo kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana ninaposikia mtu akisema kwamba habari za mvuke na presha ni historia ya Wazungu isiyotuhusu, huwa nashangaa. Zinatuhusu kila jioni.

Kinachochelewesha maharage si udogo wa moto. Maji yakishaanza kuchemka, hata ukirundika makaa hadi mbabula iwe nyekundu, hayapandi joto tena. Moto wa ziada wote hugeuka mvuke na kutokomea hewani. Tena hapa, ambapo ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, maji hayafiki hata nyuzi 100. Huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukipanda milimani hadi mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kila mama aliyeolewa kutoka pwani kwenda huko juu anajua jinsi maharage yanavyogoma, hata kama hajawahi kushika kipimajoto. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, nayo hugeuka mvuke kabla hayajapata joto la kutosha.

Mtu wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa mikono yake, kwa subira na kwa vipimo, ni Mfaransa aitwaye Denis Papin. Alizaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois na kusomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mitambo. Kijana bado, alifanya kazi Paris chini ya Christiaan Huygens, mtaalamu mkubwa wa saa na nyota, na mwaka 1675 akavuka kwenda London, ambako alimsaidia Robert Boyle katika majaribio ya pampu za hewa. Hapo ndipo alipojifunza hewa ina nguvu gani, na mahali penye upenyo mdogo kuliko unywele hupitisha kiasi gani. Mwaka 1679 alionyesha chombo chake mbele ya Royal Society ya London, na mwaka 1681 akachapisha kitabu kukieleza.

Chombo chenyewe kilikuwa silinda nene ya metali, yenye kifuniko kilichokazwa kwa skrubu. Nyama na mifupa viliwekwa ndani pamoja na maji kidogo, kifuniko kikafungwa, moto ukawashwa chini. Mvuke ukikosa pa kutokea hujikandamiza wenyewe na kuyakandamiza maji, nayo yanazidi kupata joto bila kutoka. Presha ikifika maradufu ya hewa ya kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi karibu 120. Kwa joto hilo maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa nusu saa au chini ya hapo.

Kulieleza wazo hili ni rahisi. Kazi ilikuwa kulitengeneza, na hapo ndipo heshima yangu kwa Papin inapoanza. Fikiria mafundi wa wakati ule. Hakukuwa na mpira wa kuziba kingo za kifuniko. Hakukuwa na mashine ya kukereza chuma hadi nyuso mbili zikutane bila pengo. Kila kitu kilifuliwa, kikasuguliwa na kufanyiwa majaribio kwa mkono, na chombo kikipasuka, vipande vyake viliruka kama risasi. Papin alijua kwamba ukiufungia mvuke milango yote, siku moja utaivunja. Kwa hiyo alitoboa tundu kwenye kifuniko alichohangaika hivyo kukiziba.

Juu ya tundu hilo alisimamisha mrija mfupi, na juu ya mrija akaweka kizibo kilichosagwa hadi kikakaa sawasawa, na katikati kipande cha karatasi ili pasivuje. Kizibo kilikandamizwa na ufito wa chuma. Ncha moja ya ufito ilishikwa kwenye pete, na nyingine ilining'inizwa jiwe la uzito. Jiwe lilisogezwa mbele au nyuma kama lile la mizani ya mkono ya sokoni: likienda mbali, kizibo kinabanwa zaidi na presha inapanda, likirudi karibu, mvuke unatoka mapema. Hiyo ndiyo vali ya usalama. Kabla yake mvuke ulikuwa ama umefunguliwa ama umefungwa. Yeye aliufanya usikilize kipimo cha mpishi, mpishi akaamua mwenyewe mvuke utoke lini.

Bado alikuwa na shida nyingine. Atajuaje ndani kuna joto kiasi gani, ilhali kifuniko hakifunguliwi? Papin alichimba kishimo kidogo juu ya kifuniko, akadondoshea tone moja la maji, na papo hapo akasukuma uzito ulioning'inizwa kwenye uzi wa futi tatu hivi. Kisha akahesabu: uzito umeyumba mara ngapi kabla tone halijakauka? Tone likikauka upesi, ndani ni moto sana, likichelewa, bado. Kipimo hicho kinanifurahisha kuliko kingine chochote katika historia ya jiko. Hakina kioo, hakina zebaki, na mtoto yeyote wa Kigwena anaweza kukirudia leo kwa jiwe na kamba. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa chini, kunyamaza na kuhesabu.

Naye alihesabu kila kitu. Katika kitabu chake ameandika nyama ya aina gani, ya umri gani, imekaa muda gani, na makaa mangapi yameteketea. Mkaguzi wa hesabu angefurahi kukisoma. Tarehe 12 Aprili 1682 John Evelyn, mwandishi maarufu wa shajara, alihudhuria karamu ya wanachama wa Royal Society ambayo samaki na nyama vyote vilipikwa katika vyombo vya Papin. Aliandika kwamba samaki walilika pamoja na mifupa yao, na kwamba mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ililainika kabisa, kwa makaa yasiyofika wakia nane, yaani chini ya gramu 230. Mpike mukeke, samaki wa ziwa letu, hivyo, ndugu msomaji, nawe utamla kichwa na miba bila kuogopa kukwamwa. Mifupa hiyo ya ng'ombe Papin hakuilainisha kwa kutafuta sifa. Alitaka supu na jeli yake iwafikie maskini, kwa kuwa mifupa ilikuwa ikitupwa.

Maisha yake mwenyewe hayakulainika. Papin alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alifuta sheria iliyowalinda Waprotestanti, hivyo nyumbani pakafungwa. Watu wa Rumonge, ambao familia zao nyingi zilivuka ziwa mwaka 1972 na tena mwaka 1993, hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Alikwenda Ujerumani, akafundisha hisabati Marburg, kisha akahamia Kassel. Akiwa bado Marburg, mwaka 1690, aliandika wazo lililozaliwa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria yake. Ikiwa mvuke una nguvu ya kuinua kizibo chenye jiwe, basi una nguvu ya kuinua pistoni ndani ya silinda. Na silinda ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na hewa ya nje inaisukuma pistoni chini. Hapo pana kazi: kuvuta maji, kuinua mzigo, kuzungusha gurudumu. Mashine aliyoijenga ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyoonyesha njia. Mwaka 1707 aliunda mashua yenye magurudumu ya kasia, iliyosukumwa kwa nguvu za watu, akaiteremsha mtoni kuelekea Uingereza. Ilipofika Münden, chama cha wenye mashua wa mto Weser kiliivunja. Alifika London mikono mitupu, na barua yake ya mwisho inayojulikana ni ya Januari 1712. Mwaka huohuo Thomas Newcomen alisimamisha injini kubwa ya kwanza ya mvuke ya kuvuta maji migodini, yenye silinda na pistoni.

Mvuke ulifika kwenye ziwa letu baadaye sana. Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society walishusha majini Good News, meli ya kwanza ya mvuke kwenye Tanganyika. Mwaka 1915 Wajerumani wakazindua huko Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa ikiwa vipandevipande ndani ya makasha yapatayo 5,000. Nayo ina kisa cha ufundi ambacho nadhani Papin angekipenda. Mwezi Julai 1916, walipoona hawataweza kuilinda, Wajerumani waliamua kuizamisha. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene, kila sehemu, kwa uangalifu wa mtu anayetarajia kurudi. Si wao walioirudisha safarini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Meli ilikwisha kuacha mvuke, lakini sufuria ya Papin haijaondoka. Rumonge ni nchi ya mawese. Katika nyua za wakamuaji, chikichi huchemshwa kwa saa nyingi ndani ya mapipa kabla ya kutwangwa na kukamuliwa. Kuchemsha huko si kwa ajili ya kulainisha tu: tunda lililopondeka lina kimeng'enya kinachoyafanya mafuta kuwa na asidi, na joto ndilo linalokizuia. Viwanda vikubwa vya mawese hutumia silinda za chuma zilizofungwa, ambamo mikungu mizima hupigwa mvuke wenye presha. Umbo limekuwa kubwa kama chumba, lakini kifuniko, vali na kipimo ni vilevile. Na mwaka 1879, miaka 200 kamili tangu Papin aonyeshe chombo chake, Charles Chamberland huko Paris alitengeneza chombo kama hicho cha kuua vijidudu. Mkasi unaokata kitovu cha mtoto hospitalini hupita ndani ya ndugu ya sufuria hiyo kwa nyuzi 121.

Najua sufuria ya presha ina bei, na kwamba wengi wanaiogopa kwa sababu wamesikia imelipuka kwa jirani. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi ajali hutoka palepale Papin alipotumia subira yake yote: kwenye tundu. Kwa hiyo, wewe uliye nayo, kabla ya kubandika maharage kiinue kifuniko kwenye mwanga utazame vali. Kama huoni upande wa pili, zibua kwanza. Usijaze zaidi ya nusu, kwa kuwa povu na maganda ya maharage hupanda na kuziba. Mpira ukipasuka nunua mwingine, usiushone wala kuufunga kwa plastiki. Jiwe la vali liache na uzito wake, usiongeze kitu juu yake ili chakula kiive upesi. Na ukishaipua, usifungue hadi mvuke uishe wenyewe.