Urithi wa Migodi katika Lugha ya Wafanyakazi: Kuhakiki "Vocabulaire de ville de Elisabethville" ya André Yav

Urithi wa miji ya migodi ya Katanga kwa kawaida huhesabiwa kwa vitu vinavyoonekana: dohani ndefu ya Lubumbashi, kilima cheusi cha mabaki ya shaba kilicho karibu nayo, reli, nyumba za kambi za wafanyakazi, hospitali na shule. Hatubishi kwamba vitu hivyo ni urithi. Lakini Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliacha pia watu, na watu hao waliacha maneno. Makala haya yanakusudia kuhakiki andiko moja la watu hao: "Vocabulaire de ville de Elisabethville", lililotungwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili cha mjini, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Hoja yetu ni kwamba andiko hili limetumiwa sana kama ushahidi wa historia na kama mfano wa lugha, ilhali halijasomwa inavyostahili kama kazi ya fasihi ya Kiswahili, wala halijarudishwa mikononi mwa wale lililoandikiwa.

1. Andiko na safari yake

Andiko lenyewe ni kijitabu cha kurasa zipatazo 30, kilichopigwa taipu na kurudufishwa. Vijitabu vya aina hiyo hupotea upesi. Hiki kiliokolewa na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikichapisha mwaka 1990 katika kitabu History from Below, kwa msaada wa Kalundi Mango na Walter Schicho, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya lugha. Tangu mwaka 2001 andiko hili linapatikana pia katika intaneti.

Kazi hiyo inastahili shukrani, na jambo moja ndani yake lina fundisho kwa mhakiki. Andiko lilikuwa gumu kusomeka kwa macho, kwa kuwa Yav huunganisha na kutenganisha maneno bila kufuata kanuni za shule. Ikabidi Kalundi Mango alisome kwa sauti, na sauti ile ndiyo iliyoandikwa upya. Hapo ndipo maana ilipofunguka. Basi tuseme wazi: Yav aliandika kwa ajili ya sikio. Mwenye kulipima andiko lake kwa tahajia tu hupima nguo, akamwacha aliyeivaa.

Hata hivyo, safari hiyo ina upungufu wake. Kitabu kilichapishwa Ulaya, na maelezo yake ni ya Kiingereza, kuhusu mji ambao lugha yake ya shule ni Kifaransa na lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili. Msomaji wa Kamalondo, Katuba au Ruashi hukutana na maneno ya wazee wake yakiwa yamezungukwa na lugha ngeni pande zote. Andiko limehifadhiwa, lakini halijarudi nyumbani.

2. Msamiati usio kamusi

Anayefungua kijitabu hiki kwa kufuata jina lake atatafuta orodha ya maneno na maana zake, wala hataipata. Atakutana na historia ya mji na ya watu waliofanya kazi ndani yake tangu kuja kwa Wazungu. Je, Yav alikosea kichwa cha habari? Hatudhani hivyo. Kwa mtumishi na kwa mfanyakazi wa mgodi, kuujua mji kulikuwa ni kujua namna unavyosemwa: nani aitwa nani, kwa jina gani, na kwa nini. Aliyekosa maneno hayo hakuwa mwenyeji.

Tuchukue jina Changa-Changa, ambalo watu waliipa Union Minière. Sikio la Mswahili husikia humo kitenzi kuchanganya, na kuchanganywa ndiko kulikowapata wafanyakazi. Walitoka kwa Walamba na Waluba, Kasai, nchi ya Wabemba katika Rhodesia ya Kaskazini, na Rwanda-Urundi, wakakaa kambi moja na kupokea posho moja. Jina moja limebeba sera nzima.

Lugha yenyewe ina historia ya namna hiyo. Kiswahili kilijulikana Katanga tangu zama za Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa mwaka 1891, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi na biashara yake ilifika pwani. Lakini reli iliyoingia Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, na miaka ya kwanza ya migodi ilitawaliwa na Kiingereza na lugha ya amri iliyotoka huko huko. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walioogopa nguvu za Waingereza wakakipendelea Kiswahili. Hivyo wafanyakazi walipewa lugha ya kuamriwa, nao wakaigeuza kuwa lugha ya kusimulia. Andiko la Yav ni ushahidi mkubwa wa mageuzi hayo.

3. Mtu wa jikoni

Msomaji aliyezoea vitabu vya historia atasumbuliwa na mpangilio wa Yav. Miaka huruka, mambo hurudiwa. Lakini kurudia ni desturi ya msimulizi, kwani huko ndiko kukazia. Udhaifu wa kweli uko mahali pengine. Mwenye kumbukumbu hii ni mtu wa nyumba ya bwana, wala si mtu wa shimo. Aliyeitwa "boyi" hadi uzeeni aliona mambo ambayo mchimbaji hakuyaona, kwa sababu alisimama karibu na meza ambapo Wazungu walisema bila kujificha. Lakini anayetafuta maelezo ya kazi ya chini ya ardhi au ya mbele ya tanuri atapata kidogo.

Kwa hiyo andiko hili lahitaji kusomwa pamoja na kazi nyingine. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha zipatazo 100, akazieleza kwa Kiswahili hicho hicho. Miongoni mwa mambo aliyoyachora ni mauaji ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Yav na Tshibumba hawakutumia chombo kimoja, lakini wote wawili walidai haki moja: kuusimulia mji bila kungoja ruhusa ya mwenye mgodi.

4. Baba na watoto wake

Msomaji wa leo hulisoma andiko hili akijua yaliyofuata. Tangu mwaka 1928 Union Minière ilishika sera ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho, zahanati na shule. Kutoka hapo ulizaliwa usemi kwamba kampuni ni baba na mama. Gécamines, iliyorithi migodi mwaka 1967, iliurithi na usemi huo. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikisha hata sehemu ya kumi yake. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu aliipa hali hiyo jina katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 2001: Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Neno "baba" ndilo urithi mgumu kuliko yote. Lina shukrani ya kweli, kwa kuwa watoto walisoma na wagonjwa walitibiwa. Lina pia kifuniko, kwa kuwa baba huyo ndiye aliyewekewa askari uwanjani mwaka 1941. Mhakiki asichague upande mmoja. Ubora wa Yav ni kwamba heshima kwa wazee waliojenga mji na malalamiko juu ya namna walivyotendewa vimekaa katika usemi mmoja, bila kimoja kukinyamazisha kingine.

5. Tulirudishe vipi?

Wako watakaoshauri kwamba andiko liandikwe upya kwa Kiswahili bora, ili lisomeke hadi Dar es Salaam. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni hasara. Ukigeuza "batu" kuwa "watu", na "njo" kuwa "ndiyo", umefuta alama za Waluba, Wabemba na Walamba waliokutana kambini. Makosa unayoyasahihisha ndiyo historia unayoitafuta. Maelezo mafupi ya Kiswahili chini ya ukurasa, pamoja na sauti iliyorekodiwa, yatatosha.

Kazi hiyo ni ya idara zetu, na haifai kungoja. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu chetu, umeonyesha kwamba wazee husema wanapoulizwa. Nao wanapungua. Tena Sheria ya Migodi ya mwaka 2002 imeleta makampuni mapya, na wachimbaji wa mikono wa Kolwezi wanabuni maneno yao kila siku. Riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, Tram 83, imetangaza maisha ya mji wa migodi duniani tangu mwaka 2014, lakini kwa Kifaransa. Kiswahili kingali kinywa cha mgodi. Kwenye ukurasa ni nadra kukiona.

André Yav alithubutu kukiandika, bila shule kumfundisha namna. Mwanafunzi wetu anayesoma andiko lake darasani ili ahesabu makosa anafundishwa kuona haya kwa lugha ya babu yake. Akilisoma kama fasihi, atajifunza namna babu huyo alivyoshika historia yake kwa maneno aliyokuwa nayo.