Safu ya Besi za Bure

Steve Dalkowski, kijana wa New Britain, Connecticut, aliyerusha kwa mkono wa kushoto, hakuwahi kucheza mechi rasmi hata moja ya ligi kuu ya besiboli. Hata hivyo, wapigaji waliosimama mbele yake na gongo mkononi waliapa hadi uzeeni kwamba hawajaona mpira wenye kasi kama wake. Mwaka 1958 klabu yake, Baltimore Orioles, ilimpeleka Aberdeen, Maryland, kwenye uwanja ambao jeshi la Marekani hujaribia silaha, ili kasi yake ipimwe kwa mtambo. Alikuwa amecheza jana yake, kichuguu cha kurushia hakikuwepo, na mtambo ukasoma takriban kilomita 150 kwa saa. Namba hiyo hunukuliwa sana. Mimi hucheka nikifika kwenye kipande kingine cha kisa hicho: ilibidi arushe na kurusha tena, wanajeshi wakingoja, kabla mpira haujapita pale ambapo mtambo ungeweza kuuona.

Ndio ugonjwa wa mikono ya kasi. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kibao cheupe kilicholazwa ardhini mbele ya mdakaji. Upana wa kibao ni sentimita 43. Mpira upite juu ya kibao hicho, usiwe chini ya goti la mpigaji wala juu ya kifua chake. Ukipita hapo, au mpigaji akiupunga gongo na kuukosa, ni straiki, na straiki tatu humtoa. Ukikosa eneo hilo mara nne naye asijaribu kuupiga, anatembea zake hadi besi ya kwanza bila jasho: hiyo ndiyo besi ya bure. Mtoto aliyekulia chini ya mwembe anaelewa: anayelirusha jiwe kwa nguvu zake zote huangua majani. Huko Kingsport, Tennessee, mwaka 1957, katika zamu 62 za kurusha, Dalkowski aliwatoa wapigaji 121 kwa straiki, jambo la ajabu kabisa, na akawagawia wengine 129 besi za bure. Miaka mitatu baadaye, huko Stockton, California, hesabu mbili hizo zililingana sawasawa: 262 kwa 262. Ukitaka kuona kipaji na ufundi vikigombania mwili mmoja, utazame mstari huo.

Nausifu huo wa pili, ufundi, ambao haupigiwi makofi, na karakana yake, yaani ligi ndogo. Kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu ina timu nne chini yake, kuanzia Single-A hadi Triple-A, na chini zaidi kuna ligi za wanafunzi huko Jamhuri ya Dominika, Florida na Arizona. Ni viwanja vya miji midogo, safari za basi usiku kucha, na vijana wa miaka 19 wanaofua soksi zao wenyewe. Watu huziita ligi hizi ngazi. Sawa, lakini ngazi hupandwa tu, ilhali huku kijana hurudishwa chini, hubadilishiwa mshiko wa mpira, huambiwa asahau alichojifunza mwaka uliopita.

Sisi wa Afrika Mashariki humfuatilia mrushaji wa namna hii kwa kuchelewa. Mechi ikianza saa moja jioni Florida katikati ya msimu, huku ni saa nane usiku. Basi unaamka, unaweka chai, unafungua jedwali la matokeo kwenye simu. Jina la mrushaji, zamu alizorusha, wapigaji waliompata, pointi, besi za bure, waliotolewa kwa straiki. Mgeni hukimbilia safu ya mwisho. Mimi jicho langu huenda kwenye safu ya besi za bure, kwa sababu straiki za kijana mwenye kasi nilizitarajia tangu jana, na huko chini wapigaji bado huwinda mpira wowote unaokuja. Wakipanda kidogo huacha tabia hiyo. Husimama tu, gongo begani, wamngoje akosee.

Tena jedwali lenyewe ni la kusoma kwa hadhari. Pengine makocha wamemwagiza kijana siku hiyo arushe zaidi ule mpira wa hila, unaotoka kwa mkono uleule wa haraka kumbe umechelewa, naye bado hajauzoea. Anachapwa, anatoka na pointi tano mgongoni, na mwalimu wake anarudi hotelini ameridhika. Katika michezo mingi kushindwa ni kushindwa. Katika ligi ndogo huenda ikawa ndiyo kazi aliyopewa, na shabiki wa mbali, mwenye simu na chai yake, hana namna ya kujua.

Aliyekaribia sana kumtibu Dalkowski alikuwa Earl Weaver, meneja wa Elmira, New York, mwaka 1962, ambaye baadaye aliiongoza Orioles kutwaa ubingwa wa 1970. Wengi kabla yake walikuwa wamemjaribia kijana huyu kila dawa. Weaver alipunguza maneno. Alivyosimulia baadaye, alimtaka arushe mpira wa kasi na ule unaokata pembeni, bila kujikaza, mradi upite juu ya kibao. Mpigaji akishafikisha straiki mbili, Weaver angepiga mluzi kutoka benchi, na hapo tu ndipo afungulie nguvu zote. Fikiria raha ya kijana ambaye miaka mitano amekuwa akikemewa kwa kasi yake, sasa anaikusanya begani na kusubiri mluzi. Msimu ule alirusha zamu 160 na kutoa besi za bure 114. Bado ni nyingi! Lakini Kingsport alikuwa akitoa zaidi ya mbili kila zamu, na hapa hata moja haikutimia.

Machi 1963, katika mechi ya maandalizi dhidi ya New York Yankees, aliumia kiwiko. Alikuwa ameshapimwa jezi ya Orioles. Upasuaji ambao leo huokoa viwiko vya warushaji wengi daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mrushaji Tommy John. Dalkowski aliishia kuchuma matunda mashambani California na kupigana na pombe kwa miaka mingi. Alifariki 2020, mjini kwao.

Wengine walipata mwalimu mapema, au walipata mwili uliovumilia kungoja. Randy Johnson, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliongoza ligi yake kwa besi za bure miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, akiwa tayari ligi kuu. Waliomsaidia walikuwa wapinzani wake wa Texas: Nolan Ryan, mkongwe wa kasi aliyewahi kuugua ugonjwa huohuo, na kocha Tom House. Walimwonyesha kwamba anapomaliza hatua ya kurusha, mguu wa mbele unatua kwa kisigino, mwili unavutwa kando, na mkono unaufuata. Atue kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Basi! Mwaka 1992 alikuwa ametoa besi za bure 144; mwaka 1993 alitoa 99, na akawatoa wapigaji 308 kwa straiki. Sentimita chache za unyayo. Na sijaacha kushangaa kwamba Ryan alimpa siri hiyo mtu ambaye angekutana naye uwanjani msimu uleule.

Siku hizi ninayemsoma asubuhi ni David Matoma, kijana wa Uganda anayerusha kwa mkono wa kulia. Alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2023, akaanzia Jamhuri ya Dominika, kisha Bradenton, Florida, na mpira wake huvuka kilomita 150 kwa saa bila shida. Uganda si ngeni kabisa kwenye mchezo huu: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki fainali za dunia za ligi ya watoto huko South Williamsport, Pennsylvania, baada ya timu ya Uganda ya mwaka uliotangulia kunyimwa viza. Mwaka huohuo wa 2023 Pirates walimchagua pia Paul Skenes, aliyetoka chuo kikuu akiwa ameiva, na kufikia Mei 2024 alikuwa ameshavaa jezi ya Pittsburgh. Kuwapima wawili hawa kwa saa ileile ni uonevu. Skenes alikuja na mazoezi ya tangu utotoni katika nchi yenye viwanja kila kata. Mwenzake analipa deni la miaka hiyo kwa misimu ya ligi ndogo.

Rafiki zangu hunitumia video fupi, rada ikimulika namba kubwa kwenye kona, na emoji za moto chini yake. Nawashukuru, kisha nairudisha nyuma nitazame glavu ya mdakaji: aliitega wapi kabla mpira haujarushwa, na ilibidi aipeleke wapi kuupokea. Wanasema nawaharibia starehe.