Tini za Hezekia

Habari ya ugonjwa wa mfalme Hezekia imeandikwa katika 2 Wafalme 20 na tena katika Isaya 38, nasi twaona kwamba wengi huisoma nusu tu. Husifu machozi yake, kivuli kilichorudi madaraja 10, na miaka 15 aliyoongezewa. Zile tini huzipita.

Tazameni mpango wa habari. Katika Wafalme yatangulia ahadi ya kupona, ndipo nabii aagiza tini ziwekwe juu ya jipu, na ishara ya kivuli yafuata. Katika Isaya umo wimbo wa mfalme, usiopatikana katika Wafalme, na tini zimetajwa baada yake, hata msomaji mwenye haraka hudhani habari imekwisha. Tena Biblia yetu ya Kiswahili yasema “mkate wa tini”, na asiyejua hufikiri ni chakula. Kumbe ni tini zilizoshindiliwa pamoja, dawa ya kubandika.

Aliyeiagiza ndiye nabii yule yule aliyeleta ahadi. Mwandishi hatoi udhuru wala maelezo, na hapo ndipo tunapomsifu zaidi. Lakini wako wahubiri waisomao sura hii mbele ya wagonjwa wa kifua kikuu, ambao dawa zao kwa kawaida ni za miezi 6, na wakiziacha katikati ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu. Kisha huwaambia kwamba kumeza dawa baada ya kuombewa ni kukosa imani. Twawauliza: mstari wa 7 huusomaje?